Mwataka kwenda ng'ambo? Hebu niwaambie mpaka wenyewe uko wapi (uzi mrefu, agizeni kahawa)

Mvita_wa_Sheffield

Salaam aleikum na habari za jioni watu wangu. Niko likizo nyumbani Mombasa, nimekuja harusi, na tangu nishuke hakuna barza nimekaa nikaachwa ninywe kahawa yangu. Swali ni lile lile, "ami, hebu tutoe na sisi." Kinyozi aniuliza, muuza mishikaki aniuliza, juzi tuktuk imezima ndani ya feri pale Likoni watu wamtukana dereva na yeye keshageuka nyuma aniuliza viza ya Uingereza yapatikana vipi. Kwa hio nimeona bora niandike hapa mara moja kuliko kumjibu kila mtu nusu nusu. Asotaka kusoma apite.

Mimi ni keya, yaani naenda kwa wazee majumbani kwao, nawaosha, nawavalisha, nawapa dawa, nawalaza. Niliingia 2022, mwaka ule walipofungua viza ya makeya kwa sababu kazi ilikuwa haina watu. Kijana wa kizungu akipiga hesabu ya mshahara ule aona afadhali akapange bidhaa supamaketi, hana mtu wa kumbadilisha nepi saa kumi na moja alfajiri.

Sasa mkiwasha TV mwaona nini kuhusu Uingereza na wageni? Mashua. Vile viboti vya mpira vyatoka Ufaransa watu wamejazana miguu yaning'inia majini, na wanasiasa wagombana juu ya hivyo viboti asubuhi na jioni. Sunak, waziri mkuu wao wa wakati ule, alikuwa asimama nyuma ya bango kabisa la kusema atazizuia mashua. Ile habari ya kuwapeleka Rwanda mwaikumbuka? Waliitangaza Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikasema Novemba 2023 kwamba haifai kisheria, chama cha Labour walipoingia serikalini Julai 2024 wakaitupa. Kwa hesabu ya serikali hio mpya pauni milioni 700 zimekwenda na hakuna hata mtu mmoja alopandishwa ndege kwa nguvu. Milioni mia saba! Hapa kwetu mtu akila hela kama hizo angalau ajenga ghorofa Nyali tukaiona.

Mimi sikupanda kiboti, na nyinyi pia wengi wenu hamtapanda kiboti. Mtapanda ndege pale Moi na karatasi zenu safi. Na hapa ndo nataka mnisikize vizuri. Kwa mtu wa karatasi safi mpaka hauishi uwanja wa ndege. Pale Manchester yule afisa alinimaliza upesi sana, pasi, alama za vidole, haya pita. Mpaka wenyewe niliukuta nikitafuta chumba cha kupanga.

Sheria yao tangu 2016 kule England yamlazimisha mwenye nyumba akague kama mpangaji ana ruhusa ya kuwa nchini. Asipokagua akakutwa na mtu asokuwa na ruhusa apigwa faini hadi pauni 10,000 kwa kila mtu, akirudia 20,000. Kwa bosi ni zaidi, 45,000 kwa kila mfanyakazi, akirudia 60,000. Wewe ungekuwa ndo mwenye nyumba ungefanyaje? Ungemchukua yule asokuwa na maneno mengi, si ndo? Basi ndo wafanyavyo.

Nilienda kuangalia chumba kimoja, tumepanga foleni kwenye ngazi. Yule dada wa ofisi ya nyumba akaniambia nitoe ile namba ya ukaguzi. Zamani ilikuwa kikadi cha plastiki, watia kwa waleti yaisha, lakini tangu Aprili 2022 ukaguzi wa wenye vikadi wafanywa mtandaoni, na mwisho wa 2024 vikadi vyenyewe wakavifuta, waingia kwenye tovuti ya serikali, yakupa namba, yule mtu naye aingia kwake aitia pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa ndo auona uso wako na ruhusa yako yaisha lini. Sasa siku hio tovuti yazunguka tu. Nimesimama pale nimeinua simu juu kama natafuta netiweki kule Kaloleni. Ilipofunguka yule dada akaweka simu yake sambamba na shavu langu, aangalia picha, aniangalia mimi, aangalia picha tena, maana kwenye picha nina ndevu na siku hio nimenyoa. Wakati huo kijana wa nyuma yangu ashatoa pasi yake ya buluu kutoka mfuko wa nyuma imekunjika kama risiti ya Naivas. Chumba akapata yeye. Hakuna alonitukana, wala hakuna aloniambia rudi kwenu. Dada wa watu aliniomba samahani na tabasamu juu.

Halafu kazi. Kwa viza kama yangu bosi wako ndo mdhamini wako, kwa hio ukikosana na bosi umekosana na viza. Kampuni ikipokonywa leseni ya udhamini, hata kama wewe hujafanya kosa lolote, wapewa siku 60 upate mdhamini mwengine au ufunge mabegi. Na leseni zimepokonywa kweli kweli, kati ya 2022 na 2024 zaidi ya 470 za kampuni za ukeya. Bosi wangu wa kwanza (simtaji) alilijua hilo kama alfatiha. Ukimuuliza mbona dakika za kuendesha gari kutoka kwa mzee huyu hadi kwa yule hazilipwi, akujibu kwa upole kabisa, nitaliangalia hilo, na nitaiangalia pia ile faili yako ya udhamini. Basi wanyamaza. Shifti yaanza saa kumi na mbili asubuhi yaisha saa nne usiku, ukipiga zile saa zilizolipwa hazifiki hata nane.

Kwa hio mtu akinambia "Uingereza mipaka yao iko wazi" namuangalia tu.

Maswali hapo chini.

Kibokoni_Mpaka_Kesho

Shekhe wewe ushavuka sasa watufungia mlango nyuma. Kila anokwenda akirudi ni maneno haya haya, "kule kugumu kule kugumu," na kiatu alovaa hapa hakipatikani. Kama kugumu mbona hubaki?

Mvita_wa_Sheffield

@Kibokoni_Mpaka_Kesho kiatu ni cha 2023 na nilikinunua cha mkono wa pili haha. Sijasema kusiende mtu. Nabaki kwa sababu mama dawa zake za sukari na presha nalipa mimi, na mdogo wangu yuko chuo. Nasema mwende mkijua. Kuna jamaa yetu mmoja alikuja na mkewe na watoto kabla ya Machi 2024, sasa hivi keya mgeni haruhusiwi kuleta familia. Alochelewa wiki chache amekaa huko peke yake aona wanawe wakikua kwa video. Haya mambo ya tarehe hayasemwi na ajenti.

Nesi_wa_Leipzig

Hamjambo. Mimi ni Mtongwe kwa kuzaliwa, niko Ujerumani, nesi. Nachangia kwa sababu watu wengi sai wanasema Uingereza kumefungwa twende Ujerumani, na ni kweli wataka watu, lakini sikizeni kilichotokea.

Ijumaa tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba Berlin, Ruto na Scholz, kansela wao wa wakati ule, wakiwapo, wa Wakenya kwenda kufanya kazi na kusoma. Hapa nyumbani ikasambaa kwamba wataka watu 250,000, hadi wizara yao ya ndani ikatoka ikasema mkataba hauna idadi yoyote, huo ni uongo. Mimi dada zangu walinipigia simu usiku huo huo waniuliza waje lini haha. Jumatatu yake, tarehe 16, Ujerumani hio hio ikaanza kukagua mipaka yake yote ya nchi kavu. Ijumaa karibuni, Jumatatu simameni tuwaangalie. Na mkataba wenyewe una sehemu mbili watu wasoma moja, ile nyengine yasema Mkenya asokuwa na haki ya kukaa atarudishwa na njia ya kumrudisha imerahisishwa, hata karatasi zake zikiwa zimeisha muda.

Kwa nini Jumatatu ile? Agosti kulikuwa na mtu alodunga watu visu Solingen kwenye sherehe, alokuwa ameomba hifadhi na ilikuwa arudishwe Bulgaria. Watu walikasirika na wana haki kukasirika, watu wamekufa. Ila hasira ile alobebeshwa si yule aloko jela peke yake. Mimi nilikuwa natoka Prague na wenzangu wa wodini, wikendi tu, treni ilipoingia Ujerumani pale Bad Schandau polisi wakapanda. Behewa zima. Walipita viti vyote vile hadi kwetu, yaani kwangu, kwa sababu wenzangu wawili ni weupe. Wakaomba karatasi, nikatoa, wakashukuru wakashuka. Adabu tupu. Wenzangu walibaki wekundu usoni, mmoja alianza kuwapigia kelele nikamshika mkono nikamwambia wachana nao, kesho nina shifti ya asubuhi.

Uchaguzi wa Februari 2025 kile chama cha AfD, cha wasotaka wahamiaji, kilipata asilimia 20.8, cha pili nchi nzima. Maana yake katika kila wagonjwa wangu watano kwa hesabu ya haraka mmoja alipigia kura watu wasonitaka. Sijui ni yupi na sitaki kujua, wote nawachoma sindano kwa mkono mmoja.

Lakini nisiwe mchoyo wa habari nzuri. Mshahara walipwa kwa wakati, sheria za kazi ziko, likizo wapewa na walazimishwa uichukue. Tangu Juni 2024 uraia ni miaka mitano na hawakulazimishi uutupe wa Kenya, na katiba yetu ya 2010 pia yakuruhusu kuwa na mbili. Ila lugha jamani. B2, kile kiwango cha Kijerumani wanachokitaka, si mchezo. Mtu amekaa Bamburi amelipia kozi ya miezi mitatu "utafika B2." Hufiki. Mimi nilifika huku na karatasi ya B2 na siku ya kwanza mzee mmoja wa Saxony aliniambia kitu nikampelekea maji, kumbe ataka dirisha lifungwe.

Bwana_Changamwe

Nitaongea watu wasilopenda. Hawa wazungu wana haki kulinda nchi yao. Kila nchi ina mlango. Na sisi watu wa Pwani tusijifanye malaika, hapa Mombasa kila siku twasema nini? Wabara wamejaza kazi za bandarini, wabara wamechukua ardhi, "Pwani si Kenya" ilikuwa imeandikwa kwenye kuta mji mzima. Warundi wauza njugu wakikamatwa na kurudishwa kwao nani aliandamana hapa? Mimi sikumuona mtu. Mzungu akisema maneno hayo hayo twamwita mbaguzi, sisi tukiyasema twajiita watetezi wa haki zetu. Hebu nijibuni hapo.

Kibokoni_Mpaka_Kesho

@Bwana_Changamwe wewe mwenyewe si asili yako ni Machakos wewe 😂😂

Bwana_Changamwe

Ndo maana naongea. Nimezaliwa Port Reitz, wanangu wamezaliwa Port Reitz, Kiswahili changu chakushinda wewe, na kila uchaguzi kuna mtu aniambia nirudi kwetu. Kwetu wapi?

Mvita_wa_Sheffield

@Bwana_Changamwe umenipata hapo, na sina jibu la kukunyamazisha. Kwamba wana haki ya kuwa na mlango sina ubishi, na mimi niligonga huo mlango nikafunguliwa. Neno langu ni kwamba hasira ya mashua hailipwi na mtu wa mashua. Yule yuko hotelini asubiri kesi, kazi haruhusiwi kufanya. Alipaye ni alofuata kila sheria. Wakitaka kuonekana wakali wapandisha nini? Kima cha mshahara cha viza ya kazi za kawaida, Aprili 2024 kimeruka kutoka pauni 26,200 hadi 38,700, Julai 2025 kikawa 41,700. Ada ya afya kwa wenye hizo viza nyengine ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila kichwa, na kodi ya kila mwezi yakatwa hapo hapo (sisi wa ukeya hio ada twasamehewa, shukran). Ukaazi wa kudumu ulikuwa miaka mitano, Mei 2025 wakatoa waraka wa kutaka iwe kumi. Mtu wa kiboti hata hazimhusu hizo namba. Ni rahisi kumbana alojiandikisha, una anuani yake.

Na lile fujo la 2024 nisilisahau maana mwauliza sana. Tarehe 29 Julai pale Southport watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu kwenye darasa la densi. Mitandaoni wakasema muuaji ni mtu wa mashua. Haikuwa, kijana kazaliwa Cardiff. Lakini uongo ulikuwa ushafika mbali. Jumapili ile tarehe 4 Agosti pale Rotherham, karibu kabisa na mimi, watu walijaribu kuichoma hoteli ya waomba hifadhi wakiwamo ndani. Mimi nilikuwa na wazee wanne wa kuwaona jioni hio na ofisi haikupiga simu kuuliza, ilituma tu ujumbe wa "tafadhali hakikisha ziara zote zimefanyika." Nikaenda. Mama mmoja wa miaka tisini na kitu, shabiki wa Sheffield Wednesday, alinizuia mlangoni akasema leo huondoki mpaka mjukuu wangu aje akufuate na gari nyuma mpaka kwako. Mjukuu akaja, jamaa ana tatuu shingo nzima, ningekutana naye njiani ningevuka barabara. Akanifuata hadi nyumbani akapiga honi mara mbili akaenda zake. Siku tatu baadaye watu wakasema kutakuwa na fujo nchi nzima, wakatoka maelfu ya Waingereza barabarani kuwapinga, wale wa fujo hawakuonekana. Kwa hio ni nchi ya watu wa aina zote kama hapa tu.

Mwana_wa_Vanga

Mwenye uzi mimi sijatoka Kenya hata kwenda Tanga lakini nimekuelewa labda kuliko wote hapa. Babu yangu mzaa baba alikuja kutoka Pemba kwa ngalawa kuvua samaki, akaoa, akabaki. Baba kazaliwa Shimoni, mimi nimezaliwa Vanga. Nilipofika umri wa kitambulisho nikapelekwa kwa ile kamati ya mchujo, ya kuangalia kama wewe ni Mkenya kweli, wazee wameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu, waniuliza jina la babu, kabila, ukoo, cheti cha kuzaliwa cha baba, kitambulisho cha babu. Kitambulisho cha babu! Mtu alokufa hajawahi kuwa nacho. Mwenzangu darasani jina lake la kibara aliingia akatoka kabla sijakaa chini.

Bila kitambulisho huna laini yako ya simu, huna M-Pesa, huingii jengo la ofisi mjini maana pale mlangoni askari akitaka. Ngalawa wavua kwa jina la mtu mwengine, shamba laandikwa jina la mke. Mpaka wa Lungalunga uko kule na mimi niko huku ndani lakini wanifuata hadi sokoni. Wamakonde wa Kwale walifunga safari hadi Nairobi 2016 ndo wakasikizwa. Sisi wa Pemba tumetambuliwa kuwa Wakenya 2023. Februari 2025 Ruto akatangaza huko Wajir kwamba mambo ya mchujo basi. Twasubiri tuone ofisi yenyewe yasemaje, maana tangazo ni la Ikulu na benchi ni la chifu.

Nilipata changu nikiwa nishaoa.

Mama_Zuhura_Jeddah

Wanangu na ndugu zangu, mwazungumza ya wazungu tu kana kwamba Mombasa yote iko London. Nenda uwanja wa Moi siku yoyote uone wasichana wamevaa kofia za rangi moja wamepangwa foleni, wote waelekea Ghuba. Mimi nimekaa Saudia nyumba mbili. Ya kwanza tajiri mzuri mashallah, alinipeleka Umra, watoto wake wanipigia hadi leo. Ya pili pasi ilichukuliwa siku nilofika ikatiwa kabatini, simu nikipewa Ijumaa.

Hao Saudia Machi 2021 walilegeza sheria za kafala, yaani zile za tajiri kuwa mdhamini wako, mfanyakazi wa kampuni aweza kuhama. Mfanyakazi wa nyumbani hakutiwa humo. Sisi wakati wangu ukitoka nyumbani kwa tajiri bila ruhusa aingia kwa simu yake abonyeza umeandikwa huruub, mtoro, na hapo hapo ikama yako, kile kibali cha kukaa, imekufa. Haji askari wala hapana kesi. Mama wa nyumba amekaa kwenye kochi na kahawa yake na kidole chake ndo uhamiaji. Kwa hio wewe mwanangu wa Sheffield ukisema bosi ndo viza nacheka, una siku sitini. Sisi hatukuwa na hata sitini dakika.

Anotaka kwenda Ghuba, ajenti wake amuangalie kwanza kama yuko kwenye orodha ya leseni ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali yetu, iko mtandaoni, na aache nakala ya mkataba na pasi kwa mamake. Sio kwa rafiki. Kwa mamake.

Dallas_Mzizima

Fupi tu kutoka Marekani maana niko kazini. Tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1 ukituma pesa nje kwa kupeleka noti dukani. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya hapa haikuhusu. Kwa hio watu wa nyumbani msianze kukatwa "kodi ya Trump" na mabinamu wenu, mtu ajifanya katuma dola mia kafika na themanini 😂 Mwaka 2024 pesa za watu wa nje zilizoingia Kenya zilikuwa kama dola bilioni 4.9 na zaidi ya nusu zimetoka huku. Na vijana wa viza ya masomo, tangu Juni 2025 ubalozi wataka akaunti zenu za mitandao ziwe wazi wazisome. Haya mnotukana watu usiku kucha shauri yenu.

Chipukizi_Kisauni

Kaka @Mvita_wa_Sheffield samahani nimesoma yote kimya kimya lakini sasa naogopa. Mimi nina miaka 24, nimesomea kazi za hoteli lakini hoteli zimeniita msimu wa Disemba tu. Kuna ajenti mjini amenipatia kazi ya ukeya Birmingham. Barua ya udhamini ameshanitumia, ile COS, imepigwa muhuri. Bei ni laki nane na nusu, nishampa laki mbili za kwanza, iliobaki ataka kabla ya kunipeleka Nairobi kwa alama za vidole. Mama ashampata mtu wa kununua kile kiploti chetu. Ni sawa ama?

Mvita_wa_Sheffield

Usiuze chochote. Barua ina tarehe gani?

Chipukizi_Kisauni

Ya mwezi huu.

Mvita_wa_Sheffield

Mdogo wangu keti chini. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuchukua makeya kutoka nje. Walobakishiwa nafasi ni wale tayari wako ndani na viza nyengine, hao waweza kuhamia hadi Julai 2028. Mtu aloko Kisauni hapati COS ya ukeya mwezi huu, hata iwe na mihuri kumi. Tena COS halisi ni namba kwenye mfumo wao, haihitaji muhuri, muhuri ndo mapenzi yetu sisi Wakenya na ajenti alijua. Na ada ya COS ni ya kampuni, tangu mwisho wa 2024 hairuhusiwi kumtupia mfanyakazi. Hio laki nane ni ya nini?

Chipukizi_Kisauni

Amesema ni "prosesi."

Nesi_wa_Leipzig

@Chipukizi_Kisauni jina la kampuni lililoko kwenye barua, serikali ya Uingereza ina orodha ya wadhamini wote mtandaoni, bure, yeyote aweza kuifungua. Tafuta. Ila hata ukilikuta hapo usifurahi, wao waiba jina la kampuni ya kweli waweka kwenye barua ya uongo. Uliza swali la tarehe hilo hilo moja, umuandikie, usimpigie, ili jibu libaki. Na meseji za M-Pesa usifute hata moja.

Kibokoni_Mpaka_Kesho

Duh. Mimi pia nimeitiwa na ajenti wa aina hio, muhuri wa buluu? Ofisi iko ghorofani chini kuna duka la vitambaa?

Chipukizi_Kisauni

Ndio!!!

Bwana_Changamwe

Sasa ona. Uingereza yafunga mlango na mtu wa hapa hapa auza funguo. Watu wangapi wako kwa huyo mtu?

Chipukizi_Kisauni

Siku nilolipa tulikuwa tumejaa kwenye benchi mpaka wengine wamesimama. Kulikuwa na mama ana mtoto mgongoni ataka kumpeleka dadake Kanada. Nimemuandikia ajenti swali la tarehe kama mlivyosema. Tiki mbili za buluu. Halafu akatuma sauti, asema nisisikize watu wa mtandaoni wana wivu, njoo kesho ofisini na iliobaki tumalize, mwisho saa tano la sivyo nafasi yaenda kwa mwengine.

Mama_Zuhura_Jeddah

Iliobaki usende nayo. Nenda na mdomo tu na mtu mzima.

Mvita_wa_Sheffield

Sauti hio pia iweke. Mimi sina kazi kesho, harusi ni Jumamosi. Nakuja na karatasi yangu ya 2022 yenye ile namba ya COS aione halisi inafananaje, tuone atasema nini mbele ya watu walo kwenye benchi. Hapana ngumi, hapana kelele, twaomba laki mbili zetu kwa upole na kama hazipo twateremka sote hadi kituo cha polisi na zile meseji.

Kibokoni_Mpaka_Kesho

Mimi nipo, nina laki moja yangu humo. Sikusema mapema hapa kwa sababu mwajua mlivyo. Tukutane wapi?

Mvita_wa_Sheffield

Mwembe Tayari, saa tatu u nusu, pale kwenye mabasi. Nitavaa kile kiatu chako.